Televisheni ya China Inasomwa

Mwanafunzi wa Kitanzania anayekwenda Wuhan au Guangzhou huwa ameshaonywa kuhusu intaneti ya huko. Facebook na YouTube zimefungwa tangu 2009, Google iliondoa huduma yake ya utafutaji mwaka 2010, na WhatsApp ikafuata mwaka 2017. Kwa hiyo hupakua VPN kabla ya kupanda ndege, na miezi ya mwanzo mwili wake huwa China huku macho na masikio yako Dar es Salaam: Bongo Fleva, mpira, vichekesho vya nyumbani. Simlaumu, upweke wa ugenini ni mzito. Ila hakuna aliyemwambia kwamba burudani ya Wachina wenyewe inambeba mgeni kuliko anavyodhani, kwa sababu sehemu kubwa ya yanayosemwa kwenye skrini ya China huandikwa pia.

Tazama tamthilia, mashindano ya kuimba au mahojiano ya mtaani: chini ya picha maneno yote yanapita kwa herufi za Kichina. Wengi hudhani yamewekwa kwa ajili ya viziwi. Nao hunufaika, lakini sababu kubwa ni ukubwa wa nchi na wingi wa lugha zake. Mtu wa Guangzhou akishika Kikantoni chake na mwenzake wa Shanghai akishika lugha ya kwao, hawaelewani, kama Msukuma na Mmakonde kila mmoja akikaza cha kwao. Wote wawili, hata hivyo, walisoma shuleni herufi zilezile, na herufi hizo hushika maana hata kama kila mmoja anazitamka kivyake. Sheria iliyoanza kutumika Januari 2001 imekipa nguvu Kichina sanifu na vijana wengi wanakimudu, lakini mazoea ya kuandika hayakuondoka. Isitoshe, Kichina kimejaa maneno yanayotamkwa sawa yenye maana tofauti, na jicho hukata shauri pale sikio linapositasita.

Kwa anayejifunza, hii ni neema. Sauti ikishapita imepita. Maandishi unayasimamisha, unayapiga picha, unayapeleka kwenye kamusi ya simu. Mimi huwashauri wanaoanza waache kwanza tamthilia za wafalme na mapanga, kwani lugha yake ni ya kale na ngumu. Waanze na za familia, ambako watu hugombania chakula, kodi ya nyumba na mawifi. Waliofuatilia TBC mwaka 2011 wanaujua ulimwengu huo kupitia Doudou na mama wakwe zake, tamthilia ya Kichina iliyotiwa sauti za Kiswahili.

Sinema zina jambo moja la kuangaliwa kabla ya kukata tiketi kwenye simu: filamu ileile ya Marekani huweza kuonyeshwa saa mbili usiku kwa sauti yake ya asili na saa tatu kwa sauti za Kichina. Mzazi naye ajue kwamba China haina madaraja ya umri kwa filamu, hivyo ni yeye atakayepima kama hadithi inamfaa mtoto wake.

Kilichonivutia kuliko vyote ni danmu, maoni ya watazamaji yanayokatiza juu ya picha yenyewe kutoka kulia kwenda kushoto. Ufundi huo ulianzia Japani kwenye tovuti ya Niconico mwaka 2006, ukaingia China kupitia AcFun, kisha Bilibili, iliyoanzishwa 2009, ikaueneza. Siri yake ni kwamba kila oni limefungwa kwenye sekunde ya video, wala si kwenye saa lilipoandikwa. Aliyeandika miaka mitano iliyopita na aliyeandika jana usiku wanacheka pamoja mbele yako kwenye tukio lilelile. Filamu ya kutisha ikikaribia mahali pabaya, waliotangulia kuiona hukuonya ujiandae. Mcheza gemu akifanya maajabu, skrini hujaa 666, ambayo huko ni sifa kwa fundi. Aliyelelewa na kitabu cha Ufunuo hushtuka kwanza. Kicheko huandikwa 233. Mtu anayetazama peke yake chumbani bwenini anapata kibaraza kizima cha watu, na sentensi zao ni fupi, za mtaani, zile ambazo vitabu vya kiada havifundishi.

Siku za mwanzo maoni hayo huchosha macho. Yana kitufe cha kuyazima, na unaweza pia kuyabana yapite sehemu ya juu tu ya skrini. Kuandika la kwako ni kazi zaidi: kwa miaka mingi Bilibili imewapa wanaotaka uanachama kamili mtihani wa maswali 100, wenye maswali ya adabu za maoni na ya katuni, gemu na sayansi, na alama ya kufaulu ni 60. Kusoma ya wenzako hakuhitaji mtihani, na mgeni anaweza kuanza usiku wa kwanza.