Mbizi na Fardhi Kifaya

Tarehe 29 Septemba 2019, gari lilitumbukia baharini kutoka feri ya Likoni, na ndani yake mama na bintiye. Lilizama mita 58. Wapiga mbizi walilitoa siku ya 13.

Kina hicho chakaribia bwawa la Deep Dive Dubai, mita 60 ndani ya jengo, ambamo mwanafunzi hushuka kwa mtungi wa hewa, hatua kwa hatua. Kila mita 10 maji huzidi kumbana, na apandaye kwa pupa hudhurika.

Kumzika maiti ni fardhi kifaya, na asiyeopolewa hazikwi. Basi elimu hii si mchezo. Nasi tulioko Mowlem, ambao jamaa zetu huvuka Likoni, tuanze na wepesi: tuwafunze wana wetu kuogelea, mabinti kwa stara yao. Allah atuwafikishe.