Amepanda mlima au amepandishwa?

Na Mwandishi Wetu

WATALII wanaofika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, hukabidhiwa cheti kabla hawajaondoka katika Hifadhi ya Taifa ya Mlima Kilimanjaro. Wanaoishia vituo vya Gilman au Stella, kwenye ukingo wa kreta ya Kibo, nao hupewa cha kwao, kinachotaja mahali walipofikia. Vyeti hivyo huishia kwenye kuta za ofisi na sebule, na wenye navyo hujitambulisha kuwa ni wapanda milima.

Hapo ndipo ubishi unapoanzia. Baadhi ya wapandaji wazoefu, hasa wa Ulaya na Marekani, wanashikilia kuwa mtu aliyebebewa mzigo, akapikiwa, akatandikiwa hema na kuambiwa lini alale na lini aamke hakupanda mlima. Kiswahili kina neno lake kwa mtu huyo: amepandishwa.

Hoja hiyo ina uzito wake, lakini kwa Kilimanjaro inakwama mapema. Tangu mwaka 1991, taratibu za hifadhi haziruhusu mgeni kupanda bila mwongozaji aliyesajiliwa. Kwa kipimo cha wazoefu hao, basi, kwa zaidi ya miaka 30 hakuna mtalii aliyepanda mlima huo kihalali akastahili kuitwa mpandaji, hata kama ni bingwa wa milima mingine yote duniani. Kipimo kinachotoa jibu la namna hiyo kina kasoro.

Aidha, historia haiwaungi mkono wanaodhani kuwa zamani watu walipanda peke yao. Mwanasayansi wa Geneva, Horace-Bénédict de Saussure, anayehesabiwa miongoni mwa waasisi wa upandaji milima barani Ulaya, alifika kilele cha Mont Blanc mwaka 1787 akiwa na waongozaji 18. Mwaka mmoja kabla yake kilele hicho kilikuwa kimefikiwa na wenyeji wawili wa Chamonix, Jacques Balmat na daktari Michel-Gabriel Paccard. Mnara uliojengwa mjini hapo mwaka 1887 unamwonyesha Balmat akimwelekeza Saussure kileleni. Paccard alisubiri sanamu yake hadi mwaka 1986.

Mwingereza Edward Whymper naye alikuwa na waongozaji watatu alipoufikia Matterhorn mwaka 1865. Wakati wa kushuka kamba ilikatika, wakafa watu wanne, mmoja wao akiwa mwongozaji Michel Croz. Lawama zilimwangukia Peter Taugwalder, mwongozaji mwingine, kana kwamba alitumia kamba dhaifu kwa makusudi. Uchunguzi haukumtia hatiani, lakini shutuma ziliendelea kumwandama, huku Whymper akibaki na umaarufu wake.

Hata Hans Meyer, Mjerumani ambaye vitabu vya shule humtaja kuwa mtu wa kwanza kufika kilele cha Kibo, hakuwa peke yake. Jaribio lake la mwaka 1887 lilikwama kwenye barafu. La mwaka 1888 halikufika hata mlimani, kwa kuwa alikamatwa na watu wa Abushiri na kuachiwa kwa fidia. Safari ya tatu alikuja na Ludwig Purtscheller, mwalimu wa mazoezi ya viungo kutoka Austria, aliyekuwa na ujuzi wa kupita kwenye barafu, na wawili hao wakafika juu Oktoba 6, 1889. Marangu wanamkumbuka pia Yohani Kinyala Lauwo kuwa ndiye aliyeongoza msafara huo. Purtscheller alikuwa mmoja wa wapandaji waliojijengea jina katika milima ya Alps kwa kupanda bila waongozaji. Bila yeye, pengine tungekuwa tunasoma habari za jaribio la tatu lililoshindwa.

Kwa hiyo, kuwapo kwa mwongozaji hakutoshi kuamua nani ni mpandaji. La kuuliza ni kazi gani mwongozaji anaifanya, na ipi inabaki kwa mgeni.

Kazi ya mwili inabaki kwa mgeni. Kileleni Uhuru mgandamizo wa hewa ni takriban nusu ya ule wa pwani, na kila pumzi huleta oksijeni pungufu kwa kiasi hichohicho. Mwongozaji anaweza kubeba mkoba na chupa ya maji, anaweza kusema "pole pole" mara elfu moja, lakini hawezi kumvutia mtu pumzi. Anayetoka kambini karibu na saa sita usiku, akapanda kwenye changarawe inayoteleza hadi jua linachomoza, amepanda kwa miguu yake mwenyewe. Wanaodhani ni matembezi kwa sababu njia za kawaida hazihitaji kamba wajue kuwa ugonjwa wa mwinuko hauchagui mkakamavu wala mzembe, na maji yakijaa mapafuni mtu anaweza kufa katika muda wa saa chache.

Linalohama kutoka kwa mgeni kwenda kwa mwongozaji ni uamuzi. Mwongozaji ndiye anayesoma mawingu, anayempima mgeni oksijeni kwa kifaa cha kidoleni, na anayetambua kuwa mtu anayeanza kupepesuka na kuongea maneno yasiyoeleweka hana uchovu wa kawaida. Yeye ndiye anayesema turudi. Mgeni anayetii hajapungukiwa na ujasiri, ila ameukabidhi kwa mwingine ujuzi ambao, kwa maoni ya mwandishi huyu, ndio hasa ufundi wa kupanda milima.

Ukabidhi huo una gharama, na mahali pa kuiona ni Everest. Mwaka 1985 tajiri wa Marekani Dick Bass, aliyekuwa na umri wa miaka 55, alifika kilele hicho akiongozwa na David Breashears, na hivyo kukamilisha vilele virefu vya mabara saba, Kilimanjaro kikiwamo. Mafanikio yake yaliwaonyesha wenye fedha kuwa jambo hilo linawezekana, na miaka ya 1990 kampuni za kuwaongoza wageni zikashamiri. Mei 10, 1996 dhoruba ilizikuta timu mbili za namna hiyo karibu na kilele. Rob Hall wa New Zealand, kiongozi wa mojawapo, alikuwa amemrudisha mteja wake Doug Hansen mwaka uliotangulia kabla hajafika juu. Safari hii alimsubiri, na Hansen akafika baada ya saa kumi jioni, wakati ambao walitakiwa wawe wameshageuka zamani. Wote wawili walifia mlimani. Watu wanane walikufa katika mkasa huo.

Mteja asiyeweza kuamua mwenyewe kugeuka humwachia mwongozaji mzigo wa kuchagua baina ya maisha na ndoto aliyokwisha kulipiwa. Kwa sababu hiyo ubishi huu si wa majina tu. Anayejiita mpandaji kwa cheti kimoja, kisha akaenda kwenye mlima mgumu zaidi akiamini ana uzoefu, anahatarisha na wale watakaotumwa kumwokoa.

Wanaotunza kumbukumbu za Himalaya walikwishapata namna ya kulishughulikia suala linalofanana na hili. Hifadhidata iliyoanzishwa na mwandishi wa habari Elizabeth Hawley, aliyeishi Kathmandu hadi kifo chake mwaka 2018, huandika kama mtu alifika akitumia oksijeni ya mitungi au la. Aliyeitumia hafutwi, ila anaandikwa alivyofanya. Anayedanganya ndiye anayefutwa: mwaka 2016 serikali ya Nepal iliwanyang'anya vyeti polisi wawili wa India, mume na mke, baada ya kubainika kuwa picha zao za kileleni zilighushiwa.

Mwandishi wa makala haya haoni kwa nini mgeni wa Kilimanjaro asitendewe vivyo hivyo. Cheti ni chake, kwa kuwa amefika. Akisema "nilifika Uhuru nikiongozwa", hakuna wa kumbeza. Akisema ameushinda mlima, na huku nyuma yake kulikuwa na wapagazi watatu au wanne, mpishi na mwongozaji, hapo wazoefu wana haki ya kucheka.

Na kama ni kutambuliwa, foleni hii ina watu waliotangulia. Mpagazi anaruhusiwa kubeba hadi kilo 20, hufika kambini kabla ya mgeni, na hashuki na cheti. Huko Nepal, Aprili 18, 2014 maporomoko ya barafu yaliua wafanyakazi 16 wa milimani waliokuwa wakipitisha mizigo ya safari za wageni. Hata hivyo Nepal angalau imeanza kuwahesabu watu wake: mwongozaji Kami Rita Sherpa alifika kilele cha Everest kwa mara ya 31 Mei 2025, na dunia nzima ikatangaziwa.

Kwetu yupo Wilfred Moshi, mwongozaji wa Kilimanjaro ambaye Mei 2012 aliingia katika kumbukumbu kuwa Mtanzania wa kwanza kufika kilele cha Everest. Mtu aliyezoea kuwatangulia wageni alikwenda safari hiyo naye akiwa mgeni, akipita kwenye kamba zilizofungwa na wengine. Haijapata kusikika, huku nyumbani, mtu akiuliza kama alipanda au alipandishwa.