Usingoje kiangazi ndipo utafute nyasi

Je, msomaji, ni mara ngapi umeombwa pesa kutoka nyumbani za kununua chakula cha ng'ombe? Wengi wetu tunaoishi mjini tuna ng'ombe wawili watatu wa gredi huko mashambani, na maziwa yao ndiyo karo ya watoto. Katika ukame wa mwaka 2020 hadi 2023, mvua ilikosekana misimu mitano mfululizo katika sehemu kame za Kenya na mifugo zaidi ya milioni 2 ikafa. Wakati kama huo, hata mwenye pesa huhangaika kupata robota moja la nyasi.

Dawa yake huanza wakati wa mvua. Kama wazee wana kipande cha shamba, washauri wapande nyasi za Boma Rhodes pamoja na lusini, ambayo pia huitwa alfalfa. Lusini ni jamii ya mikunde. Mizizi yake huenda chini sana kutafuta maji, na vijidudu vilivyomo huipatia nitrojeni kutoka hewani. Nyasi hushibisha, lusini huongeza protini. Lusini mbichi ikiliwa peke yake inaweza kumvimbisha ng'ombe tumbo hadi afe, lakini ikikaushwa na kuchanganywa na nyasi hatari hiyo hupungua sana.

Mbegu zake ni ndogo mno, kwa hivyo zisifukiwe zaidi ya sentimita 2. Udongo wenye asidi nyingi utiwe chokaa kwanza, maana lusini haiupendi.

Sasa sikiliza kwa makini, kwani hapa ndipo wengi hupoteza. Wao hungoja nyasi zirefuke na kukomaa ili wapate marobota mengi. Wingi huo ni wa vijiti tu! Kata nyasi zinapoanza kutoa maua, wakati mmea mmoja wa lusini kati ya kumi umechanua. Zianike juani na kuzigeuza asubuhi kukiwa na umande kidogo, kwa sababu majani ya lusini yakikauka sana hupukutika, na humo ndimo ilimo sehemu kubwa ya protini.

Huna mashine? Tengeneza sanduku la mbao lisilo na kifuniko wala kitako, lenye urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45. Shindilia nyasi ndani, funga kwa kamba, nawe utapata robota la kilo 20 hivi.

Kabla ya kufunga, pinda bua. Likivunjika, nyasi zimekauka. Likijikunja tu, anika tena. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini nyasi zenye unyevu huota ukungu ghalani, hupata joto na hata kuwaka moto zenyewe.

Mvua ikinyesha, tuma pesa za mbegu. Ni nafuu kuliko kununua ng'ombe mwingine.