Mirambo na Fundikira: Kwa nini jina moja huwa la ukoo na jingine hubaki la mtaa

Na Mwandishi Wetu

MAJINA mawili yanayotajwa zaidi katika historia ya Unyamwezi ya karne ya 19 ni Mirambo na Fundikira. Mji mdogo wa Usoke, wilayani Urambo, umekaa katikati ya majina hayo. Msafiri wa Reli ya Kati atokaye Tabora kwenda Kigoma hufika Usoke akiwa ameiacha nyuma Unyanyembe, nchi ya watemi wa ukoo wa Fundikira, na mbele yake ipo Urambo, nchi inayobeba jina la Mirambo hadi leo.

Hata hivyo, majina hayo hayakuwa na bahati moja. Fundikira limekuwa jina la ukoo linalojulikana nchi nzima. Mirambo, licha ya umaarufu wake, limekuwa jina la wilaya, la kambi ya jeshi mjini Tabora na la mtaa katikati ya Dar es Salaam yalipo majengo pacha ya Benki Kuu. Katika orodha ya wanafunzi au ya waajiriwa, ni rahisi zaidi kumpata Maganga au Mabula kuliko kumpata mtu ambaye jina lake la mwisho ni Mirambo.

Tofauti hiyo inaeleza jambo ambalo Watanzania wengi huligundua wanapojaza fomu za vitambulisho au kufungua shauri la mirathi: jina la mwisho la mtu, hata likiwa adimu kiasi gani, mara nyingi si la kale kama linavyodhaniwa.

Jina lililoshinda vitani

Mirambo hakuzaliwa na jina hilo. Alizaliwa takribani mwaka 1840 akaitwa Mtyela, mwana wa Kasanda, mtemi wa nchi ndogo ya Uyowa. Jina Mirambo, lenye maana ya maiti, lilikuwa jina la vita. Kwa kawaida ya watawala na mashujaa wa Unyamwezi, mtu aliyepata cheo au ushindi alijipatia jina jipya lililotangaza sifa zake na kuwatia hofu maadui.

Jina hilo lilisikika mbali. Kati ya mwaka 1871 na 1875 Mirambo alipigana na wafanyabiashara Waarabu wa Tabora na kuivuruga njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Mwaka 1876 alichanjiana udugu wa damu na msafiri Henry Morton Stanley. Alipofariki dunia tarehe 2 Desemba 1884, dola yake ilikuwa imeenea sehemu kubwa ya magharibi ya Unyamwezi.

Aliyemrithi ni ndugu yake, na historia inamtaja kwa jina la Mpandashalo. Kiti kilirithiwa ila jina halikurithiwa, kwa kuwa sifa ya vita ni ya aliyeipata. Mpandashalo naye aliuawa mwaka 1890 na dola ikasambaratika. Kilichobaki ni jina la nchi, kwani kiambishi “U” kilipounganishwa na jina la mtawala, Urambo ikawa jina la mahali.

Unyanyembe nako hali ilikuwa hivyo hivyo mwanzoni. Fundikira alikuwa mtemi wa Unyanyembe katikati ya karne ya 19, wakati ambapo wasafiri Richard Burton na John Speke walifika huko mwaka 1857. Baada yake walitawala Mnywa Sele, kisha Mkasiwa, kisha Isike, aliyekufa Januari 1893 Wajerumani walipoivamia ngome yake. Ni watemi wa nchi moja, kila mmoja akiwa na jina lake.

Ilikuwa katika karne ya 20, chini ya utawala wa kikoloni, ndipo jina Fundikira lilipotulia na kuanza kupita kwa baba, mwana na mjukuu. Aliyelitangaza zaidi ni Chifu Abdallah Said Fundikira, mtemi wa Unyanyembe aliyekuwa Waziri wa Sheria wa kwanza baada ya Uhuru na ambaye, vyama vingi viliporejea mwaka 1992, alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa chama cha UMD. Alifariki dunia mwaka 2007. Kwa hiyo Fundikira halikudumu kwa kuwa lilikuwa kubwa kuliko Mirambo. Lilidumu kwa kuwa ukoo wake ulikuwa bado madarakani pale serikali ilipoanza kuandika majina ya watu na kutaka yasibadilike.

Mvua, mapacha na safari

Kabla ya hapo, jina katika jamii za Wanyamwezi na jirani zao Wasukuma lilikuwa la mtu binafsi na lilieleza jinsi alivyokuja duniani. Mapacha waliitwa Kulwa na Doto, na mtoto aliyewafuata akaitwa Shija. Aliyezaliwa wakati wa mvua aliitwa Mabula, kwa kuwa mvua ni “mbula”. Mayunga linatokana na kitenzi cha kutangatanga au kuzunguka nchi, na liliwafaa watu ambao wanaume wao walijulikana kote kama wapagazi wa pembe za ndovu kutoka bara hadi Bagamoyo.

Mtoto aliweza pia kupewa jina la babu au bibi aliyefariki ili mzee huyo asisahaulike. Kwa utaratibu huo jina liliruka kizazi kimoja na kurejea katika kinachofuata. Hii ndiyo sababu hadi leo hukutwa mtu mwenye jina la kwanza na la mwisho yanayofanana, la kwanza likiwa lake na la mwisho likiwa la babu yake.

Njia ya misafara iliongeza mchanganyiko mwingine. Mpagazi aliyefika pwani aliweza kurudi na jina la Kiislamu au la Kiswahili, na kijijini akaendelea kuitwa kwa lile la zamani. Hata jina Wanyamwezi lilienea kwa vinywa vya watu wa pwani, ilhali wenyewe walijitambulisha kwanza kwa nchi za watemi wao.

Baadaye vijana wa mkoa wa Tabora walikwenda kwa maelfu kwenye mashamba ya mkonge, hasa Tanga. Huko waliitwa manamba, kwa kuwa kila kibarua alijulikana kwa namba yake. Aliyerudi kijijini na jina aliloandikiwa shambani aliwaachia wanawe jina ambalo babu yao hakulijua.

Kalamu ya karani

Mabadiliko makubwa yaliletwa na daftari. Kodi ya nyumba ya Wajerumani, iliyoanza kutozwa mwaka 1898, ilihitaji kumjua mlipaji. Misheni nazo zilikuwa na madaftari ya ubatizo: wamisionari wa London Missionary Society walifika Urambo mwaka 1879 na kituo chao kikachukuliwa na Wamoravian mwaka 1898. Baadaye zikaja shule za serikali, zilizotaka kila mwanafunzi awe na jina lake na la baba yake.

Karani aliyeuliza “baba yako nani?” hakuwa na nia ya kuanzisha ukoo. Hata hivyo jibu la siku hiyo liliandikwa kwenye cheti, cheti kikazaa ajira, na mwenye ajira akawaandikisha wanawe kwa jina lile lile. Jina la mtu mmoja likawa limeganda.

Mfano unaojulikana zaidi ni wa Mwalimu Julius Kambarage Nyerere, aliyesoma Shule ya Serikali Tabora kuanzia mwaka 1937 hadi 1942. Baba yake, mtemi wa Wazanaki, aliitwa Nyerere Burito. Alipewa jina Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati nchi imevamiwa na viwavi. Kwa desturi jina hilo lingeishia kwake. Badala yake, mwanawe alipoingia shule na baadaye kubatizwa, tukio la viwavi la karne ya 19 liligeuka kuwa jina la familia.

Jambo jingine lililogandisha majina ni desturi ya mke kuchukua jina la mume, ambayo haikuwa ya Unyamwezi wala ya Uislamu, kwani kote huko mke aliendelea kuitwa kwa jina la baba yake. Siku hizi wengine huyaunganisha. Margaret Simwanza Sitta, aliyepata kuwa Waziri wa Elimu na Mbunge wa Urambo, alitumia jina la kwao pamoja na la mumewe, marehemu Samuel Sitta, Spika wa Bunge kati ya mwaka 2005 na 2010.

Hesabu ya majina

Jina linaweza kuwa adimu kwa njia tatu. Ya kwanza ni kuanza na mtu mmoja na kuganda karibuni, kiasi kwamba wanaolitumia ni watoto na wajukuu wake tu.

Ya pili ni kutoweka kwa bahati. Mwaka 1874 Waingereza Francis Galton na Mchungaji Henry William Watson walichapisha hesabu iliyoonyesha kuwa pale jina linaporithiwa kwa upande wa wanaume pekee, koo nyingi hupoteza majina yao hata kama idadi ya watu haipungui. Inatosha kizazi kimoja kukosa mtoto wa kiume. Ndiyo maana nchi zenye majina ya ukoo ya muda mrefu huwa na majina machache yanayotawala: Korea Kusini, mtu mmoja kati ya watano ni Kim.

Iceland ni kinyume chake. Huko watu wengi hutumia jina la baba na si la ukoo, hivyo jina la mwisho hubadilika kila kizazi kama ilivyokuwa Unyamwezi. Uturuki ilichagua njia ya amri: sheria ya mwaka 1934 ilimtaka kila raia awe na jina la ukoo. Tanzania haikupitia sheria ya namna hiyo, kwa hiyo taratibu zote mbili zinaishi pamoja, wakati mwingine ndani ya nyumba moja.

Njia ya tatu ni tahajia. Makarani wa mkoa wa Tabora kwa miaka mingi wamechanganya R na L, na mengine yakaongezewa herufi. Mirambo huandikwa pia Milambo, na hivyo ndivyo linavyoandikwa jina la shule ya sekondari ya Milambo mjini Tabora. Kuna Doto na Dotto, Sita na Sitta. Kwa msomaji ni jina moja. Kwa kompyuta ni mawili, na moja kati ya hayo huonekana adimu.

Gharama ya herufi moja

Zamani utata huo ulimalizwa na wazee waliojua nani ni mtoto wa nani. Leo unamalizwa na nyaraka. Mamlaka ya Vitambulisho vya Taifa (NIDA) huandikisha jina la kwanza, la kati na la mwisho. Uzito wake ulionekana wakati wa usajili wa laini za simu kwa alama za vidole, ambao muda wake uliisha Januari 2020, kwa kuwa laini ilisajiliwa kwa namba ya kitambulisho.

Uchukuliwe mfano wa kubuni wa mzee Mayunga wa Usoke mwenye wana wawili, Mabula na Shija. Mabula alisoma misheni akaandikwa Petro Mabula. Shija alikwenda mkongeni akarudi akiitwa Shija Masudi. Binti wa kwanza ni Anna Petro. Kijana wa pili ni Hamisi Shija. Ni wajukuu wa babu mmoja na shamba ni moja, lakini katika karatasi zao hakuna jina hata moja linalofanana, na jina Mayunga halimo kabisa.

Mzee huyo akifariki, Mahakama ya Mwanzo itategemea muhtasari wa kikao cha ukoo na mashahidi kuthibitisha warithi. Mashahidi wakiwa hai, shauri huisha. Wakiwa wamekufa, jina lisilofanana humpa nguvu yule anayetaka kumnyima ndugu yake haki. Hatari hiyo ni kubwa zaidi kwa watoto wa mabinti, ambao jina la babu yao wa upande wa mama huwa halimo kwenye vyeti vyao.

Sheria inaruhusu kurekebisha tofauti hizo kwa kiapo, au kwa hati ya kubadili jina iliyosajiliwa, na makosa ya vyeti vya kuzaliwa hushughulikiwa na Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini (RITA). Ni nafuu kufanya hivyo wakati mwenye jina yu hai kuliko kuwaachia watoto wakabishane mahakamani.

Kwa anayetafuta asili ya jina lake adimu, maswali ya kuanzia ni machache. Nani wa kwanza kuitwa hivyo? Siku aliyozaliwa kulitokea nini, mvua, njaa, viwavi au safari? Alilipata nyumbani, vitani, pwani au mkongeni? Nani aliliandika, na kwa herufi zipi? Majibu ya maswali hayo yamo vichwani mwa wazee wa Usoke na wa vijiji vingine vingi, na wengi wao hawajawahi kuulizwa.