Rimu pana zala chaji ya Leaf: gari halipandi, kilomita zinapungua

Mwenye gari dogo la umeme jijini Nairobi ana maadui wawili barabarani, tuta na shimo. Betri ya gari lake imelazwa chini ya sakafu, na kila tumbo la gari linapokwaruza tuta moyo wake nao unakwaruzwa. Ndipo wazo linapomjia la kwenda kwa muuza rimu, kuvua magurudumu yaliyokuja na gari na kufunga rimu za inchi 18 zenye matairi mapana. Gari litapendeza na, kwa fikra zake, litapanda juu.

Hesabu ya vipimo inasema vingine. Kwa tairi la 225/40R18, gari aina ya Nissan Leaf litapanda kwa milimita tatu tu, ambazo ni pungufu ya unene wa sarafu mbili. Mwenye gari atakuwa amelipia rimu, amelipia matairi, na ataendelea kulipa kila siku kwa kilomita zinazopungua katika kila chaji.

Leaf ilianza kuuzwa Japani na Marekani mwezi Desemba 2010. Zinazofika Kenya nyingi ni mitumba kutoka Japani, usukani ukiwa kulia, na hupokewa bandari ya Mombasa chini ya sheria inayokataa gari lililozidi umri wa miaka minane. Mwaka 2018 kampuni ya teksi ya Nopia Ride iliingiza Leaf katika biashara ya kubeba abiria Nairobi. Mwaka 2019 Serikali ya Kenya ilishusha ushuru wa bidhaa kwa magari yanayotumia umeme pekee kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10. Tangu hapo gari hilo limekuwa na soko lake, na kila soko la magari huzaa soko la pembeni la matairi, rimu na mafundi.

VIPIMO VYENYEWE

Leaf ya kwanza ilitoka kiwandani na tairi la 205/55R16. Namba ya kwanza ni upana wa tairi kwa milimita. Ya pili ni urefu wa ukuta wa tairi, ukiwa asilimia 55 ya upana huo. Ya tatu ni kipenyo cha rimu kwa inchi. Ukijumlisha rimu na kuta mbili, ya juu na ya chini, unapata kipenyo cha gurudumu zima. Gari hupanda kwa nusu tu ya kipenyo kilichoongezeka, kwa sababu nusu nyingine huenda juu ya ekseli.

Hali ya vipimo vitano kwenye Leaf ni kama ifuatavyo (kwa milimita):

205/55R16: kipenyo 632, ukuta 113, gari lilivyo
205/60R16: kipenyo 652, ukuta 123, gari linapanda 10
215/50R17: kipenyo 647, ukuta 108, gari linapanda 7
225/40R18: kipenyo 637, ukuta 90, gari linapanda 3
225/45R18: kipenyo 660, ukuta 101, gari linapanda 14

Orodha hii inafundisha jambo moja ambalo muuza rimu hana haraka ya kulieleza. Rimu kubwa haiinui gari. Kinachoinua gari ni kipenyo cha gurudumu zima, na njia rahisi ya kukiongeza ni kubaki na rimu ya inchi 16 na kununua tairi lenye ukuta mrefu zaidi. Tairi la 205/60R16 linainua gari milimita 10 bila kununua rimu hata moja, na ukuta wake wa milimita 123 unameza shimo vizuri kuliko ule wa milimita 90 ambao huacha pigo lifike kwenye rimu. Rimu ya alumini iliyopinda au kupasuka ni hasara ya pili juu ya ile ya kwanza.

Tairi la 225/45R18 linainua gari zaidi, ni kweli. Lakini ni pana zaidi kwa milimita 20 na kipenyo chake kimeongezeka kwa milimita 28. Linaweza kusugua madigadi usukani ukikatwa hadi mwisho au gari likijaa abiria, na gurudumu lenyewe huwa zito zaidi.

CHAJI INAKWENDA WAPI

Kwenye gari la petroli sehemu kubwa ya nguvu ya mafuta hupotea kama joto ndani ya injini, hivyo mzigo wa tairi hauonekani sana. Mota ya umeme haipotezi nguvu kiasi hicho. Kwa hiyo ukinzani wa tairi linapobingirika huchukua fungu kubwa zaidi la matumizi, na kila kosa la tairi husomeka kwenye mita ya chaji.

Ukinzani huo hupimwa kwa kilo kwa kila tani ya gari. Chukua Leaf yenye dereva na mzigo mdogo, jumla kilo 1,700. Kwa tairi lenye ukinzani wa kilo 7 kwa tani, kila kilomita 100 zinameza takribani uniti 3.2 za umeme kwenye magurudumu peke yake. Kwa tairi la kilo 10 kwa tani zinamezwa uniti 4.6. Tofauti ni uniti 1.4. Kwa gari linalotumia uniti 16 kwa kilomita 100, na ukihesabu kinachopotea njiani kutoka betri hadi gurudumu, hiyo ni kama asilimia 8 hadi 10 ya chaji.

Upana peke yake sio mkosaji. Tairi pana lililotengenezwa vizuri linaweza kubingirika kwa wepesi kuliko jembamba la mpira duni. Lakini tairi pana hukabili upepo zaidi, na rimu kubwa huongeza uzito unaopaswa kuzungushwa kila gari linapoondoka kwenye taa au kwenye foleni.

Mifano ya ng'ambo inaonyesha mwelekeo huohuo. Mwaka 2010 jarida la Car and Driver la Marekani lilifunga rimu za inchi 15 hadi 19 kwenye Volkswagen Golf moja ya petroli. Gari lilipofika inchi 19, umbali kwa kila galoni ulikuwa umeshuka kwa asilimia 10. Tesla Model S Plaid ya mwaka 2021 ilipewa na serikali ya Marekani umbali wa maili 396, sawa na kilomita 637, ikiwa na rimu za inchi 19. Ikifungwa za inchi 21 ilipewa maili 348, yaani kilomita 560. Hiyo ni hasara ya asilimia 12 kwenye gari lilelile.

HASARA YA MWENYE TEKSI

Mwenye Tesla mpya akipoteza kilomita 77 bado anabaki na 560. Mwenye Leaf kuukuu hana akiba hiyo. Leaf ya mwaka 2011, ikiwa mpya kabisa, ilikadiriwa Marekani kwenda kilomita 117 kwa chaji. Kwenye dashibodi kuna vijiti 12 vinavyoonyesha afya ya betri, na gari lililobaki na vijiti tisa limekwisha kupoteza karibu theluthi moja ya uwezo wake.

Tuseme teksi ya namna hiyo inakwenda kilomita 90 kwa chaji na inachajiwa mara mbili kwa siku, siku 26 kwa mwezi. Tairi baya likila asilimia 8, zinapotea kilomita saba kwa kila chaji, 14 kwa siku na 364 kwa mwezi. Kwa mwaka ni kilomita 4,368, karibu safari nne na nusu za kwenda Mombasa na kurudi. Kila mwenye teksi azidishe mwenyewe kwa nauli anayotoza.

Kuna hesabu nyingine iliyojificha. Gurudumu likiwa kubwa kwa asilimia tatu, mita ya kilomita inasoma pungufu kwa kiasi hicho. Mita ikionyesha 100, gari limekwenda 103. Anayekodisha gari kwa kilomita anapunjwa, na anayenunua gari la namna hiyo anaona kilomita chache kuliko zilizotembewa. Vilevile Leaf haina gia za kubadili, hivyo gurudumu kubwa hupunguza nguvu ya kusukuma kwa asilimia ileile, jambo linalohisiwa mlimani.

RIMU ZISIZOINGIA

Wafanyabiashara wa rimu za mitumba wana tahadhari yao pia. Leaf hutumia nati tano kwenye duara la milimita 114.3, kipimo kinachopatikana kwenye magari mengi ya Toyota, Honda na Mitsubishi. Kwa macho rimu hizo zinafanana. Lakini tundu la katikati la Nissan ni milimita 66.1, la Toyota 60.1 na la Honda 64.1. Rimu za hao wawili hazikai mpaka tundu lichongwe. Ya Mitsubishi, yenye 67.1, inaingia lakini inalegea, na bila pete ya kuziba nafasi usukani unaweza kutetemeka kwenye mwendo wa kasi. Muuzaji asiyepima tundu atarudishiwa mali.

Kwenye matairi, jambo la kuangalia ni karatasi ya daraja. Ulaya hutumia herufi A hadi E kwa ukinzani wa kubingirika. Japani, tangu mwaka 2010, hutumia AAA hadi C. Herufi hizo hazilingani, kwani A ya Japani ni sawa na C ya Ulaya, kilo 7.8 hadi 9.0 kwa tani. Mnunuzi anayelipa bei ya juu kwa kuona herufi A ajue kwanza imetoka wapi. Tairi la mtumba halina karatasi hiyo kabisa, na bei yake ihesabiwe hivyo.

Namba ya mzigo nayo isishuke. Tairi la asili lina alama 91, maana yake kila tairi linabeba kilo 615. Betri ni nzito, na tairi lenye namba ndogo halifai hata likiwa rahisi.

Wapo wanaofaidika na tairi pana. Barabara ikiwa kavu hushika lami vizuri kwenye kona na kwenye breki, na anayetafuta hilo au sura ya gari anunue akijua bei yake kwa kilomita. Wakati wa masika, hata hivyo, tairi pana huelea upesi zaidi juu ya maji.

Kwa anayetaka kukwepa matuta, ununuzi wenye faida ni 205/60R16 la daraja zuri juu ya rimu ya zamani. Ni kipimo ambacho Mazda Axela pia hutumia, hivyo muuzaji anayekiweka dukani hategemei wenye Leaf pekee. Baada ya hapo ni kuhakikisha upepo haushuki chini ya kiwango kilichobandikwa kwenye mlango wa dereva. Upepo ukipungua, hata tairi bora linakula chaji kama lile baya.