Uvundo wa Majitaka na Twahara ya Nyumba

Kina mama wa hapa pwani ambao mabinti zao wameolewa Nairobi, hasa Kibera na Kawangware, huniuliza swali moja kwa maneno mbalimbali: chumba ni kimoja, bafu la ploti li karibu na mlango, na uvundo wa majitaka huingia hadi kwenye msala. Je, swala inaswihi humo?

Inaswihi. Katika madhehebu yetu ya Shafi, harufu iliyobebwa na hewa hainajisi nguo wala mkeka. Kinachonajisi ni najisi yenyewe ikigusa. Lakini kuswihi kwa swala si ruhusa ya kuuzoea uvundo. Mtume (s.a.w.) alimkataza aliyekula kitunguu saumu kibichi kuukaribia msikiti, kwa kuwa harufu yake huwaudhi wengine. Sembuse uvundo wa choo, mtoto mchanga akiuvuta usiku kucha?

Tutazame watokea wapi. Katika nyumba iliyojengwa vyema, chini ya kila sinki na kila tundu la bafu pana bomba lililopinda mfano wa shingo ya bata. Katika kona hiyo husalia maji kidogo, nayo ndiyo kizibo: majitaka hupita, hewa chafu haipandi. Alexander Cumming, fundi wa saa wa London, alisajili choo chenye kona hiyo mwaka 1775. Chumba kilichofungwa majuma kadhaa hunuka kwa sababu maji hayo yamekauka. Mimina kopo mbili tatu, na uvundo hukatika.

Taabu ni kwamba katika ploti nyingi kona hiyo haipo kabisa, tundu huelekea moja kwa moja shimoni au mtaroni. Hapo wapangaji wana haki ya kumdai mwenye nyumba aiweke. Ni kipande cha bomba la plastiki tu. Nao wasimwage mafuta ya kupikia wala makombo tunduni, na wasielekeze mfereji wao mlangoni kwa jirani, maana hiyo ni dhuluma.

Wapo wanaofukiza ubani juu ya tundu. Ubani twaupenda sote, ila hauzibi kitu, na hewa ya shimo la choo yaweza kushika moto. Huko Kibera shirika la Umande Trust limejenga vyoo vya umma ambavyo hewa hiyohiyo hukusanywa ikawa gesi ya kupikia! Hatari zaidi ni kuchanganya dawa ya klorini na asidi ya kusafishia choo: mvuke wake huchoma mapafu.

Kuna harufu nyingine isiyo na msamaha, nayo ni ya maji ya bomba. Kibera mabomba mengi ya plastiki hupita ndani ya mitaro ya majitaka. Maji yanapokatika, bomba lenye ufa hufyonza uchafu. Maji yakirudi yananuka choo, hukumu yake si ile ya hewa. Maji ya ndoo ni machache, hayafikii kullatein, hivyo hunajisika kwa kuguswa na najisi tu. Kuyachemsha huua vijidudu, lakini hakuyatwaharishi. Yasipikiwe wala yasitawadhiwe. Muuza maji aambiwe afunge bomba mpaka lizibwe, na majirani waambiwe siku hiyohiyo. Asiyepata maji mengine, hata baada ya kuyatafuta, na atayamamu.