Ushago wa Ufaransa: Milima ambako mwendesha baiskeli hapigiwi honi

KAMA umewahi kupanda Ngong au Limuru kwa baiskeli Jumapili asubuhi, hadithi hii unaijua. Unaamka saa kumi na moja ili uwahi barabara kabla wenye magari hawajatoka kitandani. Kufikia saa mbili, matatu imekusukuma nje ya lami, lori limekupulizia moshi usoni, na dereva fulani amekupigia honi utadhani umemkanyaga.

Sasa fikiria barabara nyingine. Lami nzuri, nyembamba, inapanda ikijipinda katikati ya malisho na misitu. Unakanyaga pedali saa nzima, na magari yaliyokupita unayahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kelele pekee ni kengele shingoni mwa ng'ombe na pumzi zako mwenyewe.

Barabara kama hizo zimejaa Cantal, eneo la volkeno zilizozima kusini kidogo ya katikati ya Ufaransa. Kiutawala, ni kama kaunti kwetu.

Wengi wetu Ufaransa ya baiskeli tunaijua kupitia Tour de France na Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyenolewa na David Kinjah kule Kikuyu, kisha akashinda mbio hizo 2013, 2015, 2016 na 2017. Mwaka wa 2016, katika mkondo wa tano, Froome na wenzake walipanda milima hii hii ya Cantal wakielekea Le Lioran. Tour ilirudi hapo 2024, Jonas Vingegaard akamshinda Tadej Pogačar mita za mwisho kabisa.

Lakini mbio hupita siku moja tu. Siku nyingine zote, barabara ni ya ng'ombe, gari la posta na wewe.

Mbona kumetulia hivyo?

Jibu ni fupi: watu walihama, barabara zikabaki.

Karne ya 19, mashambani Ufaransa palijaa watu. Sheria ya mwaka wa 1836 ililazimisha kila kijiji chenye halmashauri yake kutunza barabara za kukiunganisha na majirani. Na halmashauri hizo ni nyingi ajabu. Hadi leo zinakaribia 35,000. Ndiyo maana nchi nzima imefunikwa na utando wa barabara. Ukijumlisha za aina zote, zinapita kilomita milioni 1.

Kisha vijana wakaanza kuondoka. Wale wa Auvergne, eneo ambalo Cantal ni sehemu yake, walikimbilia Paris kubeba maji na kuuza makaa. Baadaye wengi walifungua mikahawa iliyokuja kupata jina jijini. Si tofauti na kijana wetu anayetoka ushago na begi moja, anaanza na mjengo, kisha anafungua kibanda.

Cantal iliyokuwa na zaidi ya watu 200,000 karne hiyo leo haifikishi 150,000. Hiyo ni kama watu 25 kwa kila kilomita mraba. Magari ya safari ndefu nayo yalihamia barabara kuu ya A75 inayopita pembeni, karibu na Saint-Flour. Zilizobaki huku juu ni barabara za kijiji kilichojaa, zinazohudumia kijiji kilichopungua.

Soma rangi za ramani

Hapa ndipo wageni hukosea. Wanafungua programu kwenye simu, wanachagua njia fupi, na njia fupi inawaweka kwenye N122, barabara ya malori inayofuata mabonde kati ya Aurillac na Murat na kupita chini ya mlima kwa handaki pale Le Lioran. Siku inaharibika kabla ya chai ya saa nne.

Waendeshaji wazoefu bado hubeba ramani ya karatasi ya Michelin. Kampuni hiyo ilianzia Clermont-Ferrand, mji ulio kaskazini mwa Cantal, na jina lake lilivuma kwanza kwa tairi za baiskeli mwaka wa 1891, kabla ya magari kuwa kitu.

Kanuni ni rahisi. Barabara nyekundu, ichukulie kama Thika Road: ikwepe. Ya njano inaunganisha miji midogo, inavumilika asubuhi mapema. Nyeupe ndiyo yako. Ikiwa na mstari wa kijani pembeni, mandhari yake ni ya kupendeza. Ukiona vimshale juu ya barabara, hiyo ni miinuko: kimoja ni kuanzia asilimia 5, viwili kuanzia 9, vitatu ni zaidi ya 13. Ukiona vitatu, kula kwanza.

Siri nyingine ni kwamba milimani barabara kubwa hufuata bonde, ndogo hupanda ubavuni. Kwa hivyo ukimya hulipiwa, na hulipiwa kwa miguu.

Siku moja ya kupanda Pas de Peyrol

Tuchukue mfano halisi. Unaanzia Aurillac, unashika D17 kufuata mto Jordanne. Mwanzo ni mteremko wa kupanda polepole kupitia vijiji vya mawe meusi ya volkeno, na unaweza kupiga gumzo na mwenzako. Ukifika Mandailles, gumzo linakwisha. Barabara inaingia msituni, inapanda kona baada ya kona, kisha miti inakatika ghafla na unaona vilele pande zote.

Baada ya kilomita 30 na ushee kutoka Aurillac, unafika Pas de Peyrol, mita 1,589, chini ya kilele cha Puy Mary. Hii ndiyo njia ya lami iliyo juu zaidi katika safu yote ya Massif Central.

Sasa cheka kidogo: hata katikati ya jiji la Nairobi ni juu kuliko hapo. Mapafu yako hayatakuwa na shida. Shida ni kwamba huku hakuna tambarare ya kupumzikia; ukishuka, unapanda tena.

Kutoka hapo unashuka kwa D680. Mteremko wa kwanza unapita asilimia 10, kwa hivyo kagua breki kabla ya kujiachilia. Kisha unapanda tena hadi Col de Néronne, mita 1,242, na kuteremka Salers, mji mdogo wa kale uliotoa jina kwa ng'ombe wekundu wenye pembe ndefu utakaowaona kila mahali. Ukirudi Aurillac kwa barabara nyeupe, mzunguko unakaribia kilomita 100. Ni kazi ya siku nzima, usijidanganye.

Mambo ya kuchunga

Kwanza, Ufaransa wanaendesha kulia. Ukiwa mwendoni hutasahau. Utasahau ukisimama kupiga picha, kisha unapanda baiskeli na kushika kushoto kwa mazoea. Hapo ndipo pana hatari.

Pili, kwenye makutano yasiyo na alama, anayetoka kulia kwako ndiye mwenye haki ya kupita. Hata kama ni trekta linalotoka kichochoroni, halitakungoja.

Tatu, sheria iko upande wako. Nje ya miji, dereva anayekupita lazima akuachie mita 1.5. Anaruhusiwa hata kukanyaga mstari usiokatika ili akupe nafasi, mradi anaona mbele vizuri. Si kwamba madereva wa huko ni malaika, lakini wengi wamezoea kusubiri. Nawe usiku au kwenye ukungu, nje ya miji, lazima uvae kizibao kinachong'aa.

Nne, chagua msimu. Pas de Peyrol hufungwa na theluji wakati wa baridi. Julai na Agosti pikipiki na watalii hujaa D680, kwa hivyo panda asubuhi mapema. Juni na Septemba ndiyo miezi mizuri zaidi.

Tano, hesabu pesa mapema. Mkenya anahitaji viza ya Schengen, ambayo ada yake kwa mtu mzima ni euro 90, na ukinyimwa hairudi. Kwa anayesomea Ufaransa, mambo ni nafuu: treni za mikoani, TER, hubeba baiskeli, na reli ya kutoka Clermont-Ferrand hupitia Murat na Le Lioran hadi Aurillac.

Maji ya makaburini

Paul de Vivie, mwendeshaji wa Saint-Étienne aliyefahamika kama Vélocio na aliyefariki 1930, aliwahimiza wenzake wale kabla ya njaa na wanywe kabla ya kiu. Cantal ushauri huo si wa kupuuza, maana huko hakuna kibanda kila kona. Duka likifungwa saa sita mchana, linaweza kufunguliwa saa nane. Jumatatu mwokaji naye anaweza kuwa amefunga. Nunua mkate na jibini asubuhi, weka mfukoni.

Maji yakiisha, tafuta makaburi ya kijiji. Usishtuke! Karibu kila eneo la makaburi lina bomba la kumwagilia maua, na waendeshaji wamejaza chupa hapo miaka nenda miaka rudi. Soma tu kibao: palipoandikwa "eau non potable", hayo si ya kunywa.

Ukifika kijiji chenye mkahawa uliofunguliwa, simama hata kama hujachoka. Agiza truffade, viazi vilivyochanganywa na jibini changa hadi linavutika kama ubani wa kutafuna. Vijiji vingi vidogo vya Ufaransa havina tena duka hata moja. Mwokaji akistaafu bila mrithi, mlango hufungwa, na mzee aliyebaki analazimika kuendesha gari kilomita nyingi kutafuta mkate.

Ukimya unaoufurahia wewe kwa siku moja, wao wanaishi nao mwaka mzima. Kwa hivyo nunua mkate wao, sema "bonjour" ukiingia, kisha upande mlima wako. Kama una nyumba ushago ambayo sasa inakaliwa na nyanya peke yake, huhitaji kuelezwa zaidi.